Mzunguko Mmoja na Nusu

Chumba cha Lutengano kiligusana mgongo na chumba cha boila. Ukuta mmoja tu. Huku kitanda, kule moto. Mwezi wa saba Iringa hupiga baridi ya kukata masikio, lakini ukuta ule ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Evarista, mkewe, alipenda kuuegemea jioni akimenya viazi.

"Wenzangu wameolewa na wanaume," alikuwa akisema. "Mimi nimeolewa na boila."

Miaka kumi na tisa waliishi pale, ndani ya uzio wa kiwanda cha nyanya cha Himmat, Ipogolo. Wawili tu. Mungu hakuwapa mtoto, wakaacha kumuuliza.

Chumba hakikuwa chao. Kilikuwa cha kazi. Anayeshika boila ndiye anayekaa, na siku akiacha boila anatoka na godoro lake. Hilo lilisemwa siku ya kwanza, halikurudiwa. Halikuhitaji kurudiwa.

Lutengano ni mtu wa Rungwe. Shule aliiona kwa nje, akipita na ng'ombe wa babu yake. Kazi ya moto aliianzia Mbeya, mtaa wa Soweto, kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, chini ya Msafwa mmoja aliyeitwa Abrahamu. Abrahamu naye hakuwa na cheti. Alimfundisha kwa masikio na kwa makofi.

"Boila ina tumbo, ina mdomo," Abrahamu alimwambia. "Mdomo ni hii vali ya usalama. Tumbo likijaa, mdomo unafunguka, unatema, unafunga. Ukiuziba mdomo, itasema kwa tumbo. Na hapo wewe hutakuwepo kusikia."

Hayo aliyashika. Namba za kwenye geji alizijua, herufi hakuzijua, na kwa miaka arobaini hazikumkwamisha.

Mwezi wa sita vali ya Himmat ikaanza kupiga filimbi.

Vali yenyewe si kitu cha ajabu. Ni kifuniko cha shaba kinachokaa juu ya kiti chake, na springi nene inayokikandamiza. Presha ikiishinda springi, kifuniko kinanyanyuka na mvuke unatoka. Ya boila ile ilipangwa ifunguke presha ikifika saba. Bamba la boila lenyewe liliandikwa nane, mwisho wa safari. Lakini sasa sindano ya geji inasoma tano na nusu tu, na vali tayari inalia fyuuu kama mwana wa mbuzi aliyepotea.

Lutengano alifanya lile la kwanza ambalo kila mchochea boila hufanya. Alivuta mkono wa vali, akaiacha iteme mara tatu, ili kama kuna uchafu kwenye kiti utoke na mvuke. Ikatema. Ikakaa. Kesho yake ikalia tena.

"Springi imechoka," akasema Kasian. Kasian ni mwenzake wa zamu, Mbena wa miaka arobaini hivi, mtu mwema, mwoga wa mvuke. Ukifungua koki yeye yuko mlangoni tayari.

"Springi hii haina hata miaka mitatu."

"Basi sisi ndio tumechoka."

Himmat mwenyewe akashuka kutoka ofisini, mikono nyuma. Alizaliwa Iringa mjini, kwenye duka la baba yake, na Kihehe anakijua kuliko Lutengano.

"Mzee Lutengano, hizo ni kuni zangu zinapaa hewani. Inyamazishe."

"Tuzime siku mbili bosi, niifungue, niipime kwa pampu."

"Siku mbili? Nyanya za Ilula zinashushwa uani kila saa, wewe unaniambia siku mbili. Baada ya msimu."

"Itaendelea kulia."

"Inyamazishe," akasema Himmat, akaondoka.

Juu ya vali kulikuwa na kofia, na kofia ilifungwa kwa lakiri ya mkaguzi wa serikali: waya mwembamba na kipande cha madini ya risasi chenye muhuri. Ukitaka kukaza springi, lazima ukate waya ule. Lutengano aliukata. Akakaza nusu mzunguko. Filimbi ikafa. Akaenda kwa Isaka, fundi matairi wa barabarani, akaomba kile kipande cha risasi wanachobandika kwenye rimu za magari. Akakipondaponda kwa nyundo juu ya waya mpya. Ukiitazama kwa mbali, lakiri.

Baada ya siku nane filimbi ikarudi. Akakaza nusu nyingine.

Wakati huo Evarista alishalazwa hospitali. Maji yalikuwa yanamjaa miguuni, yakapanda tumboni. Lutengano alikuwa akimwona asubuhi baada ya zamu, anarudi mchana kwenye moto. Jumatano moja akaletewa ujumbe: njoo, mgonjwa anakuita. Vali ilikuwa inalia siku ile kuliko siku zote.

"Mzee usiniache na hii," Kasian akamwambia. Alikuwa amemshika mkono wa shati kabisa. "Ikinipasukia je? Mimi nina watoto."

Lutengano akatazama saa ya ukutani. Akachukua spana. Nusu ya tatu. Vali ikanyamaza kimya, kama imekatwa ulimi.

"Haya. Imenyamaza. Naenda."

Alifika jua likiwa bado juu. Evarista alifumbua macho.

"Nani yuko kwenye boila?"

"Kasian."

"Inalia?"

"Imenyamaza."

"Basi kaa."

Akakaa. Hawakuzungumza mengi, hawakuwa watu wa maneno. Evarista alifariki alfajiri ya Alhamisi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Jioni ile Lutengano aliinunua kwa nusu mzunguko wa spana. Angeinunua tena.

Walimzika Kalenga, kwao. Mdogo wake Evarista, Sabina, ana nyumba pale, naye ni msimamizi wa wanawake wanaopika nyanya kwa Himmat. Msiba ulikaa kwake.

Ukoo wa akina Evarista wana jambo lao, Wahehe wengine hata hawana habari nalo. Mume aliyefiwa hagusi moto mpaka anyolewe siku ya saba. Hawashi, hachochei, hasogezi hata kuni. Chai anachemshiwa, ugali anapikiwa. Wanasema moto wa nyumba ameondoka nao marehemu, ngoja upewe mwingine. Lutengano, ambaye moto ndio ulikuwa mkate wake tangu ujana, akakaa mkekani mikono mapajani.

Siku ya tatu gari la Himmat likaja Kalenga. Dereva akatoa pole, akakunja kofia, akasema bosi anaomba. Kasian yuko peke yake usiku na mchana, ataanguka.

"Hagusi moto huyu," akasema Sabina.

"Bosi anajua. Amesema akae tu, aelekeze kwa mdomo."

Wazee wakatazamana. Kwa mdomo, sawa. Lutengano akapanda gari. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Akawa anakaa kwenye kreti la nyanya lililopinduliwa, mlangoni mwa chumba cha boila, shuka jeusi mabegani. Kasian anachochea, yeye anatazama. Haijawahi kumtokea. Miaka arobaini alikuwa na gogo mkononi, jicho kwenye kioo cha maji, mguu kwenye mlango wa tanuru. Sasa hana kitu mkononi. Mtu asiye na kazi mkononi, masikio ndiyo yanafanya kazi.

Asubuhi ya siku ya nne akasikia pampu. Pampu ya kusukuma maji ndani ya boila ilikuwa inaunguruma kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia.

"Kasian. Pampu ina nini?"

"Imechoka. Tangu juzi maji yanaingia kwa kubembelezwa."

"Kila kitu kwako kimechoka."

"Hata mimi, Mzee."

Baadaye akaona tone. Kwenye maungio ya bomba kubwa la mvuke, pale ambapo tangu wafunge hapajawahi kuvuja, tone linajikusanya, linafuka, linapotea. Akalitazama muda mrefu. Sindano ilikuwa inasoma tano na nusu. Himmat alikuwa ameagiza wapandishe mpaka sita, oda za Dar es Salaam zimekuwa nyingi.

Mchana Sabina akaja na bakuli la wali, kalichota mwenyewe kwa mama ntilie, maana shemeji yake hawezi kujipashia hata kiporo. Aproni yake nyekundu mpaka shingoni.

"Kula, Mnyakyusa. Ndizi hamna, utavumilia."

"Nitavumilia. Nyie Wahehe hasira zenu nimezivumilia miaka mingapi?"

"Hasira nilimwachia dada. Mimi nina matusi tu." Akakaa chini kwenye sakafu. Wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza wote wawili, maana huyo dada ametajwa. Sabina akajifuta mkono. "Leo sufuria za mvuke zinatutesa. Nyanya inaungua chini, juu bado maji. Tulikuwa tunamaliza sufuria kwa saa moja na nusu, sasa saa moja imekauka. Nimemwambia Kasian apunguze, ananionyesha geji."

Lutengano akaacha kula.

Pampu inashindwa kusukuma. Maungio yanavuja. Sufuria zinaungua. Watu watatu wanakuja na habari moja. Mmoja tu anakataa, naye ni sindano.

Akainuka, akasogea mpaka karibu na geji, mikono nyuma asiguse kitu. Chini ya geji palitakiwa pawe na bomba dogo lililojikunja kama mkia wa nguruwe. Ule mkunjo hushika maji, na maji yale hukinga geji isipikwe na mvuke. Hapo sasa palikuwa na bomba lililonyooka.

"Kasian, hili nani ameweka?"

"Mimi. Mwezi wa tano, lile la zamani lilioza. Ulikuwa umempeleka mkeo hospitali. Hili nimenunua dukani, jipya, angalia lilivyonyooka."

Tangu mwezi wa tano mvuke ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye matumbo ya geji, unayapika. Na vali ilianza kulia mwezi wa sita.

Usiku ule ukuta wake ulikuwa wa moto. Alijua joto la ukuta ule kama anavyojua paji la uso wa mtu. Lilikuwa limezidi. Wanawake thelathini na wawili wanapika upande wa pili. Yeye huku, wao kule, na ile ngoma ya chuma katikati yao, mdomo umefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Akiinuka kusema, kesho chumba kina mtu mwingine. Nguo za Evarista bado zilikuwa kwenye msumari. Kanga mbili na sweta. Akalala chali mpaka kukakucha, hakusema, na alijua kila saa anayonyamaza ni saa anayoiiba kwa watu.

Asubuhi bado akatafuta sababu ya kunyamaza. Akajiambia kwanza ahakikishe. Huenda amekosea. Saa sita, wanawake wakienda kula na moto umelala, akamwambia Kasian afunge koki ya geji na kuifungua.

"Usiongeze hata kijiti mpaka nirudi. Hata bosi akikuambia. Umesikia?"

"Nikikataa bosi?"

"Sema Mzee amekuloga."

Akaifunga geji kwenye shuka lake, akavuka barabara kuu mpaka kwa Isaka. Malori ya kwenda Mbeya na Tunduma yalikuwa yamepaki mstari mzima. Isaka alikuwa amelala chini ya mojawapo, miguu tu inaonekana.

"Isaka."

"Pole na msiba, Babu," ikasema miguu. Halafu Isaka akatoka, akajifuta, akampa mkono rasmi. Akaiona geji. "Hilo nalo ni tairi? Limekonda."

"Lijaze upepo. Nataka kuona lako na langu vinasema nini."

Isaka alitafuta kipande cha kuunganisha, akakosa, akapata, akafunga geji ya boila sambamba na geji ya mashine yake ya upepo. Abrahamu aliwahi kumwambia Lutengano kwamba saba ya boila ndiyo mia ya watu wa matairi, maana wao wanahesabu kwa paundi. Mashine ikanguruma. Geji ya Isaka ikapanda polepole. Themanini. Tisini. Mia.

Geji ya boila ilisimama kwenye tano. Lutengano akaigonga kwa kucha. Ikaruka kidogo, ikakaa tano na nusu.

"Yako imelewa," akasema Isaka.

"Au yako."

"Yangu? Ingekuwa yangu, nusu ya malori haya yangekuwa yamepasuka kwenye mlima Kitonga."

Wakaenda kwa jirani mwenye mashine nyingine. Mia. Tano na nusu.

Isaka akawa anaifungua geji, akasema bila kumtazama, "Na ile risasi ya rimu niliyokupa Babu, ulitengenezea nini? Ndoano?"

Lutengano akaichukua geji yake, akaifunga kwenye shuka. "Ahsante, mwanangu," akasema. Barabara ilikuwa na malori mengi, ikabidi asimame pembeni akingoja kuvuka. Akasimama hata yalipokwisha kupita.

Vali ilikuwa inasema kweli. Siku ile ya kwanza ilipolia ilikuwa saba kamili, kama ilivyoapishwa. Haikuchoka, haikukosea. Aliyekosea ni sindano, na yeye, mtu wa masikio, akaiamini sindano. Alikaba koo la shahidi wa kweli mara tatu. Sasa Himmat anataka sita, na sita ya geji ile ni karibu nane.

Himmat alikuwa ofisini anakula chapati na dengu kutoka kwenye vyombo vya bati.

"Bosi, zima boila."

"Karibu, kaa. Nizime lini?"

"Sasa hivi."

"Tani nne ziko uani, Mzee. Zinaiva zikinitazama."

"Zima."

Himmat akaacha kutafuna. Miaka kumi na tisa alikuwa hajasikia neno hilo likitoka kwa mtu huyu likiwa peke yake, bila tafadhali mbele wala nyuma.

Lutengano akaweka geji mezani, kando ya dengu. "Hii inadanganya. Ikisema sita, ni nane. Nimepima kwa Isaka na kwa jirani yake. Na vali haitafunguka."

"Kwa nini haitafunguka?"

Hapo palikuwa na upenyo. Angesema kutu. Angesema chumvi ya maji ya mto imeigandisha, na ingekuwa kweli ya mahali pengine, kwenye boila nyingine. Angerudi chumbani kwake, angelala. Himmat asingejua, mkaguzi asingejua.

"Nimeikaza mimi," akasema. "Mara tatu, nusu nusu. Mzunguko mmoja na nusu. Ile lakiri ni ya kwangu, nimeiponda kwa nyundo."

Himmat akafunika dengu zake. Akafunika na chapati.

"Mimi nilisema inyamazishe. Sikusema ikaze."

"Bosi, vali haina njia nyingine ya kunyamaza."

Nje mtu alikuwa anaburuta makreti. Himmat akainuka, akafungua dirisha, akapaza sauti mpaka ikapasuka, "Kasian! Usiwashe! Funga njia ya hewa, acha moto ufe!"

Lutengano alikuwa tayari anashuka ngazi. Wanawake walishaanza kurudi kutoka kula. Akamkuta Sabina anafunga aproni.

"Watoe nje."

"Kuna nini shemeji?"

"Watoe kwanza. Utaniulizia nje."

Wakatoka, wakasimama ng'ambo ya barabara na mabuti yao na aproni nyekundu, wengine wanacheka, wanadhani wamepewa mapumziko. Lutengano hakwenda nao. Alikaa kwenye kreti lake mlangoni, akiisikiliza boila ikipoa, mpaka pampu ikaacha kulalamika.

Kesho yake chuma kilikuwa baridi. Chuma baridi si moto, hata ukoo usingekataa. Akaifungua vali. Alama aliyoikwangua kwa msumari siku ya kwanza ya kukaza ilikuwa bado inaonekana kwenye skrubu, mzunguko mmoja na nusu juu ya pale ilipokazwa sasa. Akaitoa springi, akaipima na ya akiba. Urefu mmoja. Nzima kabisa. Kwenye kiti na kwenye kifuniko palikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, kazi ya chumvi. Akapaka dawa ya kusagia juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza kifuniko juu yake, akawa anakisaga kwa kukizungusha kama anaandika nane, bila kukandamiza. Mkwaruzo ukaisha, uso wote ukawa rangi moja. Kiti nacho hivyo hivyo, taratibu, nusu siku nzima, kisha akairudisha skrubu kwenye alama yake.

Kasian akamletea bomba jipya lililojikunja, hakumtazama usoni. "Nilidhani nimepatengeneza, Mzee."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Lijaze maji kwanza kabla hujalifunga."

Himmat akanunua geji mpya mjini. Wakaifunga vali kwenye pampu ya mkono, wakajaza maji. Kasian anasukuma, Lutengano anatazama, Himmat nyuma yao. Tano, kavu. Sita, kavu. Sita na nusu, kavu. Saba, ikafunguka, maji yakamlowesha Himmat viatu. Wakarudia mara tatu. Saba, saba, saba.

"Kazi nzuri," akasema Himmat. Alimtuma Kasian akalete chai, akabaki naye peke yake. Akaongea kwa upole. "Ile lakiri yako, irudishe. Mkaguzi anakuja mwakani, ataona inang'aa, atapita. Vali ni nzima, geji nzima. Kwa nini tujipe jina baya? Wewe chumba chako ni chako. Kaa mpaka ufe, hakuna atakayekutoa. Nakuahidi mbele ya Mungu wangu na wako."

Lilikuwa neno jema, naye Himmat alilisema kwa moyo. Lutengano akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani. Akakaa kitandani, mgongo ukutani. Ukuta ulikuwa baridi kama kaburi. Kaa mpaka ufe. Akatazama kanga na sweta, akatazama mlango, hatua tatu. Kila asubuhi atatoka hatua tatu, ataiona risasi yake ya rimu inang'aa juu ya vali, atanyamaza. Jioni atarudi, hatua tatu. Atakuwa amelipwa chumba ili mdomo ufungwe, na safari hii mdomo ni wake.

Siku ya saba gari likampeleka Kalenga asubuhi, akanyolewa, akapewa kijinga cha moto akishike. Akarudi Ipogolo kabla ya saa sita, kichwa kinang'aa, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Vali nimeifunga bila lakiri," akasema. "Iko wazi, kila mtu aione. Mpigie mkaguzi."

"Utamwambia?"

"Akiniuliza."

"Na mimi je?"

"Akiniuliza, bosi."

"Ungesema mke wangu ananiita, bosi kaa na boila, ningekaa," akasema Himmat. "Ungeniambia tu." Halafu akachukua simu, kwa hasira, kama mtu anayechukua kisu.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye koti la buluu. Maswali yake machache, yote ya kuchoma. Aliandika kurasa mbili, akapiga lakiri yake mwenyewe. Himmat akapewa faini na barua. Lutengano akaambiwa asishike tena boila, hapa wala popote. Alitakiwa kuweka sahihi. Akaweka dole gumba.

Himmat hakumfukuza chumbani. Ilipita wiki, hakusema neno. Lutengano ndiye aliyempelekea ufunguo.

"Ni cha kazi," akasema.

Mchochea mpya alitoka Mbeya, ana cheti, ana mke mjamzito. Lutengano alimwonyesha mke ukuta upi una joto.

Sasa anakaa kwa Sabina, Kalenga, chumba cha uani pamoja na magunia ya mahindi. Kaburi liko hatua chache nyuma ya nyumba, naye huenda, hasemi kitu, anarudi. Bado anaamka saa kumi alfajiri, mikono inatafuta gogo. Hakuna cha kuchochea. Anakaa kitandani anasubiri kuche, kama mtu aliyefungiwa na anayejua ufunguo ni wa kwake.

Jioni Sabina hurudi na lori la wafanyakazi. Juzi alirudi anachechemea, kandambili moja mkononi, imekatika.

"Umefanya nini?"

"Si boila yako! Yule mpya alijisahau, akaongeza magogo. Ile vali ikalipuka, bwaaa, nikadhani ni treni imeingia jikoni. Tumekimbia wote, mabibi wazima, mmoja kaacha wigi."

"Ilipiga muda gani?"

"Nitajuaje? Ilipiga, ikanyamaza yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Geji ilisema ngapi?"

"Shemeji! Mtu anakimbia roho yake, asimame asome geji?"

Lutengano akaichukua ile kandambili mkononi mwake, akaanza kutafuta waya wa kuishonea.

"Mlikimbilia wapi?"

"Nje. Tungekimbilia wapi?"

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi."

"Haya," akasema. "Kaa, nikuchemshie chai."